Kudizaini ndani ya chombo cha anga cha kwenye tivii mpaka watu waamini: anza na fundi, kapteni asubiri

Wadau, karibu kila mtu anayeniuliza habari za seti ya chombo cha anga anaanza na kiti cha kapteni. Kiti kikae wapi, skrini ya mbele iwe kubwa kiasi gani, taa ziwe za bluu au za machungwa. Mi huwa nasema hivi, kiti kisubiri kwanza. Mtafute fundi wa hicho chombo, yule anayeamshwa saa nane usiku pampu ikigoma, umuulize anapita wapi, anafungua nini, akilala chali chini ya bomba miguu yake inaishia wapi na spana anaiweka wapi. Ukishamjua huyo mtu, nusu ya michoro umeshamaliza, kwa sababu sasa kila ukuta una sababu ya kuwa pale.

Na hii haijaanza na mimi. Tamthilia ya Star Trek ilipoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1966, aliyechora chombo chao ni Matt Jefferies, mtu aliyekuwa ameruka kwenye ndege za kivita wakati wa Vita Kuu ya Pili na anazijua ndege vizuri. Aliliacha gamba la nje likiwa laini tu, hakubandika mitambo nje, na hoja yake ilikuwa rahisi kabisa: kitu kikiharibika huko angani nani anataka kutoka nje kwenda kukitengeneza, mitambo ikae ndani ambako fundi anaifikia. Ndio maana kukawa na ile njia nyembamba ya mafundi kupanda kwa ngazi katikati ya mabomba, na mpaka leo mashabiki wanaiita kwa jina lake Jefferies. Seti ya bajeti ndogo, plaiwudi na rangi, ila mwenye seti alikuwa na jibu la nani anatengeneza nini. Watazamaji wanalihisi hilo hata kama hawawezi kulieleza.

Kikombe kikidondoka kinaenda wapi

Kabla hujanunua hata plaiwudi moja jibu hili swali. Mtu akiachia kikombe humo ndani kinaenda wapi? Jibu ndilo litakwambia sakafu iko upande gani, ngazi zinaelekea wapi, vitanda vinafungwaje.

Tamthilia nyingi za tivii zinasema tu kuna mtambo unaotengeneza mvutano, ile nguvu inayokuvuta sakafuni, basi watu wanatembea kama sebuleni. Ni sawa kabisa, bajeti ni bajeti, waya za kuwaning'iniza waigizaji zinakula pesa na muda, kwa hiyo usione aibu. Ila ukiamua hivyo kaa nayo mpaka mwisho, usije episodi ya tano ukasahau.

Njia ya pili mimi naipenda sana, injini yenyewe ikisukuma bila kuacha ndiyo inayokukandamiza sakafuni. Maana yake injini iko chini ya miguu yako na pua ya chombo iko juu ya kichwa, yaani chombo kinajengwa kama ghorofa, sio kama ndege. Tamthilia ya The Expanse iliyoanza 2015 walifanya hivyo, vyumba vimepangana juu kwa juu na watu wanapanda ngazi. Na uzuri wake kwa sisi wa bajeti za kubana ni kwamba unahitaji vyumba vidogo viwili vitatu na shimo la ngazi, huhitaji korido ya mita hamsini. Ila kumbuka injini ikizimwa kila kitu kinaelea, kwa hiyo lazima ukutani kuwe na vishikizo, viti viwe na mikanda, kabati zote ziwe na komeo. Hata kama huonyeshi mtu akielea, vile vishikizo tu vinamwambia mtazamaji kwamba humu kuna siku mambo yanabadilika.

Ya tatu ni chombo kinachozunguka. Hapa watu wengi wanakosea hesabu. Ukitaka uzito kama wa duniani kwa mizunguko 2 kwa dakika, unahitaji nusu kipenyo cha kama mita 224. Sakafu inakuwa imepinda kwenda juu mbele yako na nyuma yako. Sasa watu wanaogopa wakidhani watalazimika kujenga gurudumu zima, lakini piga hesabu: kwenye duara kubwa hivyo, sakafu ya seti ya mita 10 inapanda kama sentimita 22 tu mwisho wake, na ya mita 20 inapanda kama sentimita 90. Sentimita 22 fundi seremala anazitoa kwa vipande vya mbao chini ya sakafu, mchana mmoja. Kamera ukiiweka chini karibu na sakafu ile pinda inaonekana, na mtazamaji ananyamaza.

Hata pasipo na mvutano kabisa, binadamu bado anataka juu na chini. Kituo cha Skylab cha Marekani cha mwaka 1973 kilikuwa na sehemu moja ambayo vifaa vilifungwa kuzunguka ukuta wote bila kujali juu ni wapi, kwa wazo kwamba kwenye kuelea haina tofauti, na wanaanga hawakuipenda ile sehemu, ilikuwa inawachanganya kichwa. Warusi walikuwa na mwanamke msanifu majengo, Galina Balashova, aliyechora ndani ya Soyuz, chombo chao cha kubebea wanaanga, na yeye alitofautisha rangi, sakafu rangi yake, dari rangi yake, ili mtu akiangalia tu ajue amekaaje. Halafu alikuwa anachora picha za mandhari kwa rangi za maji anazitundika mle ndani, na zile picha ziliungua na sehemu ya chombo inayoachwa wakati wa kurudi duniani. Mi hii habari huwa inanigusa kila nikiikumbuka. Mtu anachora mti na theluji na anajua utaungua, ila yule aliyeko juu aone mti. Seti yako iwe na kitu kimoja cha namna hiyo.

Kuta

Ukuta wa chombo haupaswi kuwa pambo. Kosa kubwa ni kubandika vidude vya plastiki kila mahali mpaka ukuta unafanana na friji lililolipuka, na hakuna hata kimoja chenye kazi. Angalia Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambako watu wanaishi bila kukatika tangu Novemba 2000. Kuta zake nyingi ni makabati ya kipimo kimoja, urefu kama mita 2 na upana kama mita 1, unaweza kutoa hili ukaweka lingine. Hiyo ni zawadi kwako. Chonga fremu moja ya kipimo hicho, tengeneza milango yake minne mitano tofauti, halafu rudia. Kurudiarudia ndiko kunaonyesha kiwanda, na pia ndiko kunaokoa pesa, na wiki ijayo ukihamisha makabati unapata chumba kingine.

Sasa kwa kila mlango wa kabati jiulize, fundi anafunguaje? Weka skrubu halisi, za aina moja chombo kizima, kwa sababu fundi hawezi kubeba bisibisi kumi. Weka namba. Weka mshale wa kuonyesha maji yanaelekea wapi. Bomba likiingia ukutani litokee upande wa pili wa ukuta huo, tafadhali sana, nimeona seti bomba linaingia chumba cha injini rangi ya njano linatokea jikoni likiwa jekundu.

Vipande vyenyewe usitengeneze, okota. Nenda kwa wauza chuma chakavu, ulizia dashibodi za malori, vichujio vya hewa, vishikizo vya basi, milango ya mashine za kufulia, trei za kubebea soda. Vikipigwa rangi moja ya kijivu vinakuwa familia moja. Filamu ya Alien ya 1979 ilijazwa mabaki ya ndege kwenye kuta zake ndio maana mpaka leo ile meli inaonekana nzito. Kitu kilichowahi kufanya kazi kina uzito wake ambao plaiwudi haina.

Swichi

Naomba nikae hapa kidogo maana ni kitu kidogo ila kinaokoa seti nzima. Mwaka 1969 Armstrong na Aldrin wakiwa ndani ya chombo chao mwezini, waligundua kitufe cha sakiti breka, ile swichi ya kukata na kurudisha umeme, kimevunjika, na ni ya injini ya kuwaondoa mwezini. Inaaminika kiligongwa na mzigo wa mgongoni wakati wanageuka mle ndani kwa jinsi palivyobana. Aldrin akaisukuma ile breka kwa makapeni, ikakubali, wakaondoka. Fikiria, chombo cha mabilioni, na kilichowarudisha nyumbani ni kalamu.

Somo la dizaini ni kwamba nafasi ndogo na mwili wa mtu vinagombana, na mtengenezaji anajua hilo, kwa hiyo anazuia. Kwenye vyombo vya Apollo, hivyo vya safari za mwezini, swichi zilikuwa na vyuma vidogo pembeni ili kiwiko kisiziguse kwa bahati mbaya. Wewe fanya hivyo hivyo: swichi za kawaida ziwe wazi, swichi ya hatari iwe na kifuniko ambacho mwigizaji lazima akiinue kwanza ndipo abonyeze. Ule muda wa kuinua kifuniko ni sekunde moja ya mashaka unapewa bure, dairekta wako atakushukuru. Nunua swichi zenye mlio mzito wa "tak". Zipange kwa makundi, za hewa pamoja, za umeme pamoja, na chora mstari kuzunguka kila kundi. Halafu, na hili nalisisitiza, mkalishe mwigizaji mumgawie kazi ya kila swichi iandikwe kwenye karatasi, ili episodi ya kwanza na ya nane akiwasha injini abonyeze kule kule. Watu wanaoangalia tivii wana macho.

Sheria ya stori nayo inaleta vifaa. Kwenye tamthilia ya Battlestar Galactica ile mpya iliyoanza 2003 adui anaweza kuingilia kompyuta zilizounganishwa, kwa hiyo meli haina mtandao, wanaongea kwa simu za waya na wanashika karatasi. Simu ya waya ndani ya chombo cha anga, na hakuna aliyecheka, kwa sababu sababu ipo ndani ya stori.

Kula na kulala

Hapa ndipo mtazamaji anaamini au anakata tamaa, kwa sababu injini haijui ila meza ya chakula anaijua. Machi 1965 mwanaanga wa Marekani John Young alipanda na sandwichi mfukoni kwenye chombo cha Gemini 3, ikaanza kumeguka, makombo yakaelea. Makombo yakiingia kwenye mitambo ni balaa, ndio maana wanaanga wa leo wanakula zaidi tortila, ambayo ukiiangalia ni ndugu wa chapati. Kwa hiyo kama chombo chako kinaelea na wafanyakazi wake ni watu wa huku kwetu, una ruhusa ya kisayansi kabisa ya kuwapa chapati.

Meza iwe na ukingo wa kuzuia sahani. Vikombe viwe na pa kufungwa, na kila kikombe kiwe na alama ya mwenyewe maana watu wakiishi pamoja miezi wanagombania vikombe. Kitanda kiwe kidogo, kwenye kile kituo cha kimataifa chumba cha mtu ni kama kibanda cha simu na begi la kulalia limefungwa ukutani. Ukubwa huo ukiuchonga kwa plaiwudi unagharimu kidogo sana, na ndani yake weka maisha: picha za familia, tasbihi au rozari, kanga imefungwa kama pazia, chaja iliyofungwa kwa mpira. Wale waliopanda daladala au matatu wanajua, dereva akikaa na gari mwezi mmoja haliwi tena gari la kiwandani.

Props, yaani vifaa wanavyoshika waigizaji, zieleweke lakini. Kuna kisa cha Star Trek cha 1966 ambapo walitafuta vichupa vya chumvi vya ajabu ajabu vionekane vya kesho kutwa, wakaona mtazamaji hatajua kama ni chumvi, basi wakaweka vya kawaida na vile vya ajabu wakampa daktari wa chombo kama vifaa vyake vya matibabu. Kitu ambacho stori inakitegemea kitambulike kwa jicho moja, kile cha pembeni ndio kiwe kigeni.

Maandishi

Andika kwa Kiswahili. Naongea kwa moyo wangu wote hapa. Luteni Uhura wa Star Trek jina lake limetoka kwenye neno letu uhuru, tuko huko angani tangu 1966, halafu sisi wenyewe tunajenga seti na kubandika maneno ya Kiingereza yaliyokopiwa intaneti. Amua chombo kimejengwa na nani na kinaendeshwa na nani, na kama ni watu wetu basi mlango uandikwe SUKUMA, kabati liandikwe HEWA YA AKIBA – DAKIKA 20, na pale kwenye umeme weka HATARI na fuvu, kama zile za kwenye nguzo, kila mtoto wa Afrika Mashariki anazijua na mwili unasisimka wenyewe. Tumia fonti moja ya herufi kubwa, sentensi fupi, na juu ya kila sehemu weka msimbo wa mahali, kwa mfano S2-K14 ikiwa sakafu ya 2 kabati la 14. Chagua alama zako za picha kumi tu, za hewa, moto, maji, njia ya kutokea, zirudie chombo kizima. Mtazamaji akiona ile alama mara ya nne anakuwa ameshajifunza lugha ya chombo bila kufundishwa.

Uchakavu

Nilishawahi kusafiri usiku na meli kwenda Pemba na sikulala, nilikuwa naangalia kuta. Rangi nyeupe imepigwa juu ya rangi nyeupe mpaka vichwa vya bolti vimekuwa mviringo kama vimemezwa. Reli ya ngazi imeisha rangi pale tu ambapo mkono unashika, sentimita kumi juu rangi ni nzima. Chini ya mlango chuma kinang'aa kwa sababu ya viatu. Pembeni ya kila bomba kuna mchirizi wa kutu unaoelekea chini. Basi uchakavu ni huo, unafuata mkono na mguu na maji. Usipulize rangi ya uchafu kila mahali. Zunguka seti na mtu akifanya kazi zake za kawaida, weka chaki kila anapogusa, halafu sugua rangi pale pale penye chaki. Na kumbuka kama chombo chako hakina mvutano hakuna mchirizi wa kwenda chini, na vumbi halikai sakafuni, linafuata upepo wa feni na kujikusanya kwenye wavu wa kunyonya hewa, na hata vitu vilivyopotea mara nyingi huishia hapo hapo. Bandika kijiko na soksi kwenye wavu, hakuna haja ya maelezo.

Taa, skrini, sauti

Skrini sio lazima ziwe kompyuta. Star Trek ya 1987, Michael Okuda alichora paneli ambazo ni filamu ya kupitisha mwanga na taa nyuma yake, rahisi na safi, na zikawa sura ya tamthilia nzima. Leo unaprinti kwenye karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, unaweka mkanda wa LED nyuma, mbele kioo cha akriliki, unapata ukuta mzima kwa bei ya tableti moja. Tableti weka ile moja tu ambayo mwigizaji anaigusa.

Ila LED za bei poa zinapepesa, jicho halioni, kamera inaona mistari. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo anza na fremu 25 kwa sekunde na shata (muda kamera inapokea mwanga kwa kila fremu) ya sekunde 1/50, na kila mkanda wa LED uupitishe mbele ya kamera kabla haujagundishwa ukutani. Taa nyingi ziwe ndani ya seti yenyewe, kwenye dari na chini ya ngazi, hivyo kamera inageuka kokote bila kukutana na stendi ya taa. Na dari ijengwe jamani, hata ya kitambaa, korido bila dari ni jukwaa la shule. Dari na ukuta mmoja wa kila chumba viwe vya kutoka kwa bolti nne ili kamera iingie, na korido ipinde kidogo mwishoni ili mwisho usionekane, hapo mita nane zinakuwa meli kubwa.

Sauti wengi wanaikumbuka wamechelewa. Seti yangu ya kwanza tulijenga sakafu ya plaiwudi juu ya fremu, inapendeza, siku ya kushuti mwigizaji akakimbia na ikalia ngoma, du du du, mbao tupu, tukapoteza nusu siku kujaza mifuko ya mchanga na magodoro ya zamani chini yake na kuwavalisha watu soli za mpira. Jaza kabla hujapigilia. Halafu usiache chombo kikae kimya. Kusipokuwa na mvutano hewa haizunguki yenyewe, mtu akilala pasipo na feni ile hewa ukaa anayoitoa inabaki inamzunguka usoni, kwa hiyo feni zinalia saa zote. Rekodi feni ya friji kubwa, weka ngurumo hiyo chini ya kila sini. Stori ikitaka kutisha, izime.

Seti ikikamilika mlete mtu wa ufundi ambaye hajaiona. Sisi tulimleta fundi bomba wa mtaani, tukampa spana tukamwambia jifanye hapa ni kazini kwako. Akazunguka, akagonga mabomba, akapapasa nyuma ya makabati, akauliza swali moja: bomba hili likipasuka unafungia wapi maji? Hatukuwa na jibu. Jioni ile tukaongeza valvu nyekundu kando ya mlango wa chumba cha injini, tukaandika FUNGA KULIA, na yeye mwenyewe ndiye aliyetuonyesha ikae usawa wa kifua, kwa sababu mtu aliyelowa maji na gizani haoni chini, anapapasa.